NGUVU ZISIZOKWISHA NA AFYA YA NYUMBANI KWAKO

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hesabu kwanza vitu vinavyokupa moto na mwanga hapo nyumbani. Huenda una kuni na mafiga matatu. Huenda una gunia la mkaa, koroboi, au taa ndogo ya jua iliyoanikwa juu ya paa. Labda nguzo ya umeme imefika mlangoni kwako. Sasa jiulize: kati ya hivyo, kipi kitakwisha duniani, na kipi hakitakwisha?

Mafuta ya taa yatakwisha. Yametoka chini ya ardhi, na yakishachomwa hayarudi. Gesi ya mtungi ni hivyo hivyo, ingawa inawaka bila moshi. Lakini mti ukikatwa huchipua, na mwingine hupandwa. Ng'ombe hula na kunya kila siku. Jua litachomoza kesho. Upepo huvuma, mvua hunyesha, na mito hujaa. Hizi ndizo nguvu zisizokwisha, au kama wataalamu wanavyoziita siku hizi, nishati jadidifu.

Watu wengi wakisikia maneno hayo hudhani kuwa nguvu isiyokwisha ni lazima iwe nguvu isiyodhuru. Sivyo. Kutokwisha ni jambo moja, na kutodhuru mwili ni jambo jingine. Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, tutaiuliza kila nguvu maswali mawili tu. Inatufaa nini? Na inamfanya nini mtu anayekaa karibu nayo? Tuanze na ile iliyo karibu nasi kuliko zote.

KUNI NA MOSHI WAKE

Kuni ni nguvu isiyokwisha ya tangu mababu. Haziagizwi kutoka nje, na mara nyingi hazinunuliwi kwa fedha. Kama kijiji kinapanda miti na kukata pungufu ya ile inayoota, kuni zitakuwapo siku zote. Hiyo ndiyo faida yake, nayo si ndogo.

Hasara yake ni moshi. Moshi tunauona kama kitu cha kawaida. Unawasha macho, mpishi anajifuta kwa kanga, kazi inaendelea. Lakini ndani ya moshi kuna vumbi laini mno, laini kiasi kwamba jicho haliwezi kuona chembe moja moja. Vumbi kubwa la barabarani hunaswa na vinyweleo na kamasi za puani, kisha tunalipenga. Vumbi hili la moshi halinaswi. Linapita puani, linapita kooni, linaingia mapafuni hadi kwenye vifuko vidogo kabisa vya hewa. Chembe nyingine huvuka hapo na kuingia katika damu. Kwa hiyo moshi hauishii kifuani. Unafika kwenye moyo na kwenye mishipa ya damu ya kichwani. Ndiyo maana mtu aliyepika miaka mingi kwenye jiko lililofungwa huweza kupata kikohozi kisichopona, pumzi fupi, ugonjwa wa moyo, kiharusi, na hata mtoto wa jicho. Mama mjamzito anayevuta moshi kila siku huweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 1 tu, mwaka 2020, moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Hesabu hiyo ni ya moshi wa kuni, mkaa wa miti, mkaa wa mawe, mavi makavu ya ng'ombe, mabaki ya mazao na mafuta ya taa. Kati ya waliokufa, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Kwa nini watoto? Tazama jinsi tunavyopika. Mama anasonga ugali, mtoto yuko mgongoni. Mwingine anayetambaa yuko pembeni ya mafiga. Mtoto mdogo anahema haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Moshi unayachubua, na wadudu wa kichomi wanapata njia. Baba naye amekaa chini ya mwembe kwenye hewa safi, akishangaa kwa nini fedha za hospitali haziishi kutoka.

Jifunze dalili za kichomi, kwa kuwa ni ugonjwa unaoua kwa siku chache. Mtoto anapokohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, kisha hesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili kwa saa ya mkononi au ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 asifikishe pumzi 60. Wa miezi 2 hadi 11 asifikishe 50. Wa mwaka 1 hadi 5 asifikishe 40. Akifikisha au kuzidi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, usisubiri hata saa moja.

Sasa, ufanyeje kama kuni ndizo pekee ulizo nazo? Kwanza zikaushe. Zipasue, uzipange chini ya kibanda pasipo na mvua, uziache wiki nyingi. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na moto mdogo. Pili, moshi upate pa kutokea. Toboa dirisha kubwa, na uache nafasi kati ya ukuta na paa. Penye hali nzuri ya hewa, pikia nje au barazani. Tatu, punguza muda wa kupika. Loweka maharage usiku kucha, funika sufuria, zima moto chakula kikiiva. Na mtoto abaki na mtu mwingine nje ya jiko.

Kuhusu majiko sanifu, hapa lazima tuseme ukweli wote. Jiko la udongo lililotengenezwa vizuri hula kuni chache kuliko mafiga matatu, na hilo humpunguzia mama safari za porini. Lakini kula kuni chache si sawa na kutotoa moshi. Nchini Malawi ulifanyika uchunguzi mkubwa uliohusu watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2016. Nyumba nyingine zilipewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa, nyingine zikaendelea na mafiga. Kichomi cha watoto hakikupungua katika nyumba zilizopewa majiko. Wachunguzi wenyewe walieleza kuwa watoto wale walikuwa bado wanavuta moshi wa namna nyingine, kama vile wa takataka zinazochomwa. Kwa hiyo ukiuziwa jiko, uliza kama lina dohani ya kutoa moshi nje ya paa. Kama halina, litakuokoa kuni, lakini bado utahitaji dirisha.

MKAA: HATARI ISIYOONEKANA

Mkaa hauna moshi mwingi, na kwa sababu hiyo watu wanauamini kupita kiasi. Mkaa unapowaka mahali penye hewa kidogo hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inapoingia katika damu inakalia nafasi ya hewa safi, na mwili unakosa pumzi hata kama mtu anahema vizuri.

Kila msimu wa baridi husikika habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, ikafunga madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Majivu yanaweza kuficha makaa hai kwa muda mrefu.

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Hizo ni dalili zinazofanana na za malaria, na ndipo watu wanapokosea. Ila malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja kwa saa moja. Mkianza kuumwa kichwa pamoja, na mkaa unawaka ndani, tokeni nje. Ukimkuta mtu amezirai, fungua milango, mtoe kwenye hewa, mlaze ubavu, kisha mpelekeni hospitali hata kama amezinduka.

Na je, mkaa hauishi? Hapo inategemea. Katika matanuri yetu ya kawaida ya udongo, kilo 1 ya mkaa hutokana na kuni kilo 5 hadi 10. Mji unapokula mkaa, msitu wa kijijini ndio unaoliwa. Pasipopandwa mti, nguvu hii inakwisha kama mafuta ya taa.

GESI YA SAMADI

Sasa tuingie zizini. Mavi ya ng'ombe yakifungiwa pasipo hewa pamoja na maji, vijidudu huyaozesha na kutoa gesi inayowaka. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani. Inapitishwa kwenye bomba hadi jikoni, na moto wake ni wa buluu, hauna moshi wala masizi. Sufuria inabaki nyeupe. Kwa mapafu ya mpishi, hakuna kitu kutoka shambani kwetu kinachoshinda hiki.

Jambo hili si geni hapa nchini. SIDO lilianza kujenga mitambo ya namna hii katika miaka ya 1970. Baadaye kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa mwaka 1981, kiliendeleza mtambo wa kuba unaojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa kueneza gesi ya samadi majumbani. Mafundi waliofunzwa wapo katika mikoa mingi.

Fanya hesabu kabla ya kuita fundi. Ng'ombe 1 anayefugwa zizini hutoa mavi ya kilo 10 hivi kwa siku. Ukiwa na ng'ombe 3 unapata kilo 30. Yachanganye na maji lita 30, maana kipimo ni mavi sehemu 1 na maji sehemu 1. Mchanganyiko huo, ukiingizwa kila siku, utakupa kama mita 1 ya ujazo ya gesi kwa siku. Hiyo ni kupika kwa muda wa saa 2 hadi 3 kwenye jiko moja. Inatosha chai ya asubuhi na ugali na mboga. Kwa maharage kila siku, huenda isitoshe.

Umeona mahali hasara zinapojificha. Lazima ng'ombe wawe zizini, si wa kuchunga mbali, maana mavi yanayobaki malishoni hayaingii mtamboni. Lazima maji yawe karibu. Kama mama anachota maji umbali wa saa nzima, ndoo 2 zaidi kila siku ni mzigo mpya juu ya kichwa kile kile kilichokuwa kinabeba kuni. Nyanda za baridi kali gesi hutoka kidogo, kwa kuwa vijidudu wale wanapenda joto. Na gharama ya kujenga ni kubwa kwa mkulima wa kawaida. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye ng'ombe 1 na kisima cha mbali asishawishiwe kuchukua mkopo kwa ajili ya mtambo huu. Mwenye ng'ombe 3 au 4 zizini na bomba la maji uani, yeye akichelewa anajipunja mwenyewe.

Zipo hatari pia, nazo zinaepukika. Gesi hii ikivuja jikoni na mtu akawasha kiberiti, huripuka. Bahati nzuri ina harufu kama ya yai viza. Ukiisikia, usiwashe kitu. Fungua madirisha, funga koki, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Povu likitoa mapovu mapya, hapo ndipo inapovuja. Na mtu asiingie kabisa ndani ya shimo la mtambo kulisafisha bila fundi. Ndani hamna hewa ya kupumua, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake.

Mabaki yanayotoka mtamboni ni mbolea nzuri kuliko mavi mabichi, na nzi hawayapendi. Watu wengine huunganisha choo na mtambo huo huo. Hilo linafaa kwa usafi, lakini kumbuka kuwa mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu, mengi hayafi humo. Mabaki ya mtambo uliounganishwa na choo yapeleke kwenye migomba na kahawa, au yafukie shambani kabla ya kupanda mahindi. Usimwagie mchicha wala nyanya.

JUA

Jua linatufaa kwa njia nyingi, na njia nyingine hazihitaji kununua chombo chochote. Hii hapa moja. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uisafishe. Ijaze maji, uifunge, uilaze juani juu ya bati kwa muda wa saa 6. Mionzi ya jua na joto huua wadudu wa kuhara. Siku ya mawingu, iache siku 2. Lakini maji yawe maangavu. Ili kujua, simamisha chupa juu ya gazeti hili na uchungulie kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma herufi kubwa za kichwa cha makala, maji yanafaa. Usipoweza, yachuje kwanza. Njia hii haiondoi chumvi wala sumu za madawa ya shambani, inaua wadudu tu. Inapunguza kuni za kuchemshia maji, na kwa hiyo inapunguza moshi.

Kisha kuna taa za jua. Faida yake kiafya ni kuifukuza koroboi. Koroboi inatoa masizi mazito, na mtoto anayesoma huweka uso wake karibu nayo. Inaanguka na kuunguza. Na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto huyanywa akidhani ni maji. Ikitokea hivyo, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike, maana mafuta yakirudi huingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja.

Katika zahanati zisizo na umeme wa gridi, paneli za jua zimeleta mabadiliko makubwa. Chanjo nyingi za watoto lazima zikae katika joto la nyuzi 2 hadi 8, na sasa yapo majokofu yanayoendeshwa na jua. Mkunga anayezalisha usiku anahitaji kuona damu inatoka wapi, na hawezi kuona kwa kushika tochi mdomoni.

Upungufu wa jua ni upi? Paneli ndogo ya nyumbani haiwezi kupika. Inawasha taa, redio na kuchaji simu, basi. Majiko ya jua ya kioo na sanduku yapo, lakini yanapika mchana tu, wakati wengi wetu tuko shambani na mlo mkubwa ni wa usiku. Masika yakifika, nguvu hupungua. Na madukani kuna paneli na taa za bandia nyingi. Dai risiti na dhamana ya maandishi, na uwashe taa usiku mzima kabla ya kusifu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni betri. Betri kubwa nzito zinazotumika na paneli nyingi zina madini ya risasi na asidi kali. Baada ya miaka michache hufa. Je, unaipeleka wapi? Wengine huzivunja uani ili wauze risasi. Vumbi la risasi likiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake, na uharibifu huo hauponi. Mjini Mombasa, Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu za risasi kilifanya kazi kati ya mwaka 2007 na 2014. Watu wa mtaa ule, wakubwa kwa watoto, walikutwa na risasi katika damu. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Basi betri chakavu usiivunje, usiichome, usiimwage maji yake. Iweke pasipofikika na watoto, na uirudishe kwa muuzaji wakati unaponunua nyingine. Taa ndogo za kisasa nyingi zina betri za aina nyingine zisizo na risasi, nazo pia hazichomwi wala kutupwa shimoni.

MAJI YA MITO

Umeme wa maji unawasha sehemu kubwa ya nchi yetu. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, Mtera likafuata, yote mawili kwenye mto Ruaha Mkuu. Katika mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Umeme huu hauna moshi jikoni wala kiwandani.

Nguzo zimefika vijiji vingi, lakini nyumba nyingi zenye umeme bado zinapikia kuni, kwa kuamini kuwa umeme ni wa matajiri. Kwa jiko la koili la zamani, ni kweli linakula. Lakini sufuria ya umeme ya presha hupika maharage bila kufikisha uniti 1, kwa kuwa imefungwa na haipotezi joto. Linganisha mwenyewe na bei ya mkaa unaopikia maharage hayo hayo. Serikali imeweka lengo kuwa ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo hilo halitafikiwa na matajiri peke yao.

Udhaifu wa maji ni ukame. Mwaka 2006 mvua zilikosekana, Mtera likashuka mno, na umeme ukagawiwa kwa zamu nchi nzima. Jokofu la chanjo halijui zamu. Kwa hiyo zahanati yenye umeme wa gridi ibaki na njia ya pili.

Udhaifu mwingine unawahusu wanaoishi ukingoni mwa bwawa. Maji yakizuiwa yanatulia. Majani yanaota kandokando, na konokono wanaobeba kichocho wanapenda mahali kama hapo. Nchini Ghana, bwawa la Akosombo lilikamilika mwaka 1965 kwa ajili ya umeme, likazaa ziwa kubwa la Volta. Watu wapatao 80,000 walihamishwa. Katika vijiji vilivyoota kando ya ziwa lile, kichocho kilienea kiasi kwamba sehemu nyingine watoto wengi sana walikuwa wakikojoa damu. Umeme ulikwenda mjini, na ugonjwa ukabaki kijijini. Bwawa linapojengwa, kijiji kidai pamoja nalo vyoo, visima na dawa ya kichocho kwa watoto wa shule. Nawe uishiye kando ya bwawa au ziwa usikojoe wala kujisaidia majini, na uteke maji mahali pasipo na majani. Mvuvi hawezi kukwepa maji, basi yeye apimwe kila mwaka.

Mitambo midogo isiyohitaji bwawa kubwa, kama ule wa mto Mwenga huko Mufindi wenye megawati 4, haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Maji yanapitishwa kwenye mtambo na kurudi mtoni.

UPEPO NA JOTO LA ARDHI

Hizi mbili ni za serikali na makampuni kuliko za nyumba moja moja, ingawa wazee wa Dodoma na Singida wanayakumbuka mapanga ya upepo yaliyovuta maji visimani. Kenya wana mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana. Pia huko Olkaria, karibu na Naivasha, wamekuwa wakipata umeme kutokana na mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981. Upepo haudhuru mapafu ya mtu, ila hutulia bila taarifa. Mvuke wa ardhini hautulii, lakini huja na gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi ni sumu, kwa hiyo makazi hayajengwi jirani na visima vyake.

UANZE NA IPI?

Kama mwaka huu una fedha kidogo tu, anza na dirisha la jiko, maana linahitaji sururu na siku moja ya kazi. Kisha nunua taa ndogo ya jua, uitupe koroboi. Kama umeme umo ndani, weka akiba ya sufuria ya presha kabla ya televisheni. Kama una ng'ombe zizini na maji karibu, muulize afisa mifugo wa kata habari za mtambo wa gesi.

Mkikutana darasani wiki hii, mwalimu awape kazi ifuatayo. Kila mmoja atundike kitambaa cheupe jikoni kwake, kwenye kimo cha kichwa cha mpishi, na kingine chumba anacholala baba. Baada ya siku 7 vileteni vyote darasani, mvipange mezani, kisha mjadili maswali haya. Nani katika nyumba yetu anakaa kwenye moshi saa nyingi kuliko wote? Nani anashika fedha za kununulia jiko? Je, watu hao wawili wameshawahi kukaa chini wakazungumza jambo hili?